Mjukuu wa Cherehani

Kazi yangu ni kutengeneza vidude vinavyoishi kwa makombo. Hivyo ndivyo ninavyowaeleza watu wakiniuliza, kwa sababu nikitaja jina refu lililoandikwa kwenye mlango wa maabara yetu wanaanza kuangalia saa. Kuna nguvu nyingi zinazopotea kila mahali bila mtu kuzijali: ukuta unaotikisika lori likipita, bomba la maji ya moto, mwanga wa taa ya ofisini unaoishia juu ya kabati. Sisi tunaokota hayo makombo, tunayaweka akiba mpaka yatoshe, halafu kidude kinaamka, kinasema neno moja kwa redio yake ndogo, kinalala tena. Hakuna betri wala waya. Hakuna mtu wa kukumbuka kukichaji, na mimi watu wasahaulifu huwa wananimaliza subira.

Baba yangu ni fundi cherehani. Anaishi peke yake ghorofa ya pili, juu ya duka la kinyozi, katika nyumba tuliyokulia mimi na kaka yangu, na tangu mama alipofariki hajakubali kuhama wala kuletewa mtu wa kukaa naye. Kaka ni msimamizi wa ghala, kwa hiyo amezoea kuhamisha vitu. Alikuwa ameshaandaa chumba kwake, kitanda kimetandikwa, pazia limetundikwa, kilichobaki ni baba mwenyewe.

"Akianguka jikoni nani atajua?" kaka aliniuliza siku hiyo tulipokutana wote watatu nyumbani kwa baba. Aliuliza kama vile baba hayupo, na baba yupo pale pale anakata uzi kwa meno.

"Nikianguka nitanyanyuka," alisema baba. "Kwako nitafanya nini? Nikae kwenye kochi kama mto?"

"Utapumzika, baba."

"Nitapumzika sana nikifa. Hiyo nafasi ipo, haijachukuliwa na mtu."

Walikuwa wameanza kupandishiana sauti, na kwetu sauti ikipanda inachukua wiki kushuka. Ndipo nikasema nina kitu. Baba akanikata kabla sijamaliza. Kamera hataki. Saa ya mkononi ya kumhesabia mapigo hataki. "Na kitu cha kuchaji ndiyo usinitajie kabisa, mama. Mimi mwenyewe chaji yangu haijai." Ananiita mama tangu nikiwa mdogo, na akiniita hivyo siwezi kumkasirikia, hata pale anapostahili.

Nilikuwa nacho kitu kisichochajiwa. Maabara tulikuwa na kidude cha majaribio kinachotafuta mahali pa kukaa. Ni kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti, ndani yake kuna ukanda mwembamba wa kauri maalumu ambao ukipindwapindwa unatoa umeme kiduchu, na kuna kapasita ya kuutunza huo umeme. Kapasita ikijaa, chipu inaamka na kutuma neno. Nikakifunga chini ya meza ya cherehani, karibu na mhimili wa gurudumu, mahali ambapo ukikanyaga pedali mbao yote inatetemeka. Kinyozi wa chini akakubali kipokezi cha kulinasa neno hilo na kulituma kwenye simu yangu kikae juu ya kabati lake la taulo, kwa kuwa yeye ana intaneti na baba hataki hata kuisikia.

"Kinafanya nini?" baba aliuliza. Alikuwa amesimama, mimi nimelala chali chini ya meza, bisibisi iko mdomoni.

"Kinakula mtikisiko. Ukishona kinapata chakula, kikishiba kinaniletea salamu kwenye simu. Usiposhona kinakaa na njaa."

"Njaa ikizidi?"

"Kinakufa."

Si kweli. Hakifi, kinalala tu, na kukiamsha ni kazi ya kukanyaga mara chache. Lakini kueleza tofauti ya kulala na kufa huku una bisibisi mdomoni ni shughuli, na 'kinakufa' ni neno fupi.

"Masikini," alisema baba. "Na kazi yako huko maabara?"

"Kikifa hiki na kazi yangu imekufa," nikamtania. Nilitoka chini ya meza na kujipangusa vumbi, na nikamwona anakitazama kile kijisanduku kwa makini, kichwa kaweka upande.

"Basi huyu ndiye mjukuu," alisema. "Wale wa kawaida nimewangoja kwako mpaka nimechoka."

Kaka alicheka, na kicheko kile ndicho kilichoturahisishia makubaliano. Tukakata kauli hivi: salamu zikija kila siku ya kazi, hakuna atakayemgusa baba. Siku ikipita nzima bila salamu na bila sababu, kaka anakuja na gari, na baba anapanda bila maneno. Baba alikubali. Kwa mtu asiyependa masharti alikubali upesi mno, na mimi nilijisifu moyoni kwamba hatimaye kazi yangu imemfaa mtu ninayemjua.

Neno la salamu nililichagua mwenyewe: *Yuko kazini.* Simu ililia kwa mlio mfupi, *ti-ting*, nikasoma, nikaendelea na yangu. Lilikuja nikiwa mkutanoni, nikiwa sokoni, nikiwa naoga. Zamani nilikuwa naenda kwa baba karibu kila wikendi, tunakula, ananilaumu kwa kukonda, narudi. Baada ya mjukuu nikaanza kuruka wikendi moja, kisha mbili. Kwa nini nipande ngazi zile mbovu wakati habari zake ninazo mfukoni? Tulipiga simu, bila shaka. Kwa simu baba alikuwa yule yule, mtani, mwenye haraka ya kukata. Na siku chache nilizokwenda nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha dirishani, chai iko tayari, kila kitu mahali pake. Hakunyanyuka sana. Nilidhani ni lile goti lake la siku nyingi.

Kisha salamu zikaongezeka. Zilizokuwa zikija moja moja, kwa vipindi visivyoeleweka, zikaanza kuja mfululizo asubuhi nzima, zimepangana sawasawa. Kwangu hiyo ilikuwa furaha tupu. Mtikisiko ukizidi, umeme umezidi. Umeme ukizidi, mzee ana nguvu. Nilimpigia kaka kumringia.

"Anashona kuliko alivyoshona mwaka jana," nilimwambia. "Na wewe ulitaka kumlaza kwenye kochi."

"Mzee karudi ujanani," alisema kaka, na nikasikia kwenye sauti yake kwamba amefarijika kweli. Kaka yangu si mtu mbaya. Ni mtu wa kubeba tu.

Maabara nako nikavimba kichwa. Tulikuwa tunatarajia wageni wa kuja kuona kazi zetu, na mkuu wetu akaamua kwamba cherehani ya baba ndiyo iwekwe mbele, kwa kuwa ndiyo iliyotoa salamu nyingi kuliko majaribio yote. Nikapewa kazi ya kuchora mchoro wa salamu hizo, tangu siku ya kwanza.

Niliuchora asubuhi moja, nikaukuza ukajaza skrini. Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Sumaku kwa sababu skrubu za maabara nzima huishia mfukoni mwake, akapita na kikombe chake akasimama.

"Mzee wako kapata oda ya mahema?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Mshono wenyewe hauna mwisho." Alinyoosha kidole kwenye sehemu ya mwisho ya mchoro, zile wiki ambazo nukta zilijipanga sare kabisa. Akanywa chai yake, akaenda zake kutafuta skrubu za watu.

Nilicheka. Halafu sikucheka tena. Nilichukua kalamu nikaanza kugonga meza kwa kufuata nukta za siku za mwanzo. Gonga, gonga, kimya. Gonga, kimya kirefu, gonga tatu za haraka. Nililala na kuamka kwa mlio ule utotoni kote. Fundi anashona kidogo, anasimama, anainua mguu wa kubania kitambaa, anageuza kona, anashona, anakata uzi, anatafuta pini iliyoanguka, anatukana kimyakimya, anashona. Kushona ni kusimama zaidi kuliko kwenda. Kisha nikagonga nukta za juzi. Gonga, gonga, gonga, gonga. Hakuna kona. Hakuna uzi unaokatwa. Hakuna nguo duniani inayoshonwa hivyo.

Mimi ni binti wa fundi cherehani na nilikuwa nimeutazama mchoro ule kwa wiki kadhaa nikiona umeme tu.

Nilichukua mkoba nikatoka bila kuaga. Nilipofika, kinyozi alikuwa mlangoni kwake anakung'uta kitambaa cha kumfunikia mteja. Alinisalimu, akaniambia baba yupo, amekuwa kazini tangu asubuhi. "Ila siku hizi hapokei nguo zetu ndogo ndogo," alisema. "Nilimpelekea suruali, akasema ana oda kubwa. Hongera zake."

Nilipanda. Mlango wa baba ulikuwa wazi nusu na mlio wa cherehani ulikuwa unatoka laini, bila kukwama popote. Nikausukuma.

Baba alikuwa ameketi mbele ya cherehani, viganja viwili amevilaza juu ya meza, uso kauelekeza dirishani. Miguu ilikuwa inakanyaga. Gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na chini ya sindano hakuna kitu. Uzi ameutoa. Mguu wa kubania ameuinua, ili meno ya chini yanayovuta kitambaa yasisagane nao bure; hata katika jambo hilo alikuwa fundi. Juu ya rafu, mahali pa nguo za wateja, palikuwa peupe.

Aligeuza kichwa upande wangu. Nilikuwa nimesimama kwenye mwanga, hatua chache kutoka kwake, nimevaa gauni la manjano alilonishonea yeye mwenyewe.

"Karibu," alisema. "Kama ni pindo la suruali unisamehe, sipokei kwa sasa."

Nilisogea hatua moja, nikangoja anitambue.

"Kaa upumzike basi," aliendelea kwa upole anaouweka kwa wateja, si kwetu. "Ngazi zetu hizi zinachosha. Usinione nimechanganyikiwa kukanyaga mashine tupu. Namlisha mjukuu. Binti yangu ni mhandisi, kaniwekea kitu chake hapa chini. Kisipokula kinakufa, na kikifa na yeye kazini hana lake. Kwa hiyo nakanyaga. Goti linalalamika, lakini mtoto anakula."

*Ti-ting.*

Mkobani mwangu. Sikuhitaji kuangalia. Ilikuwa inaniarifu kwamba yuko kazini.

Miguu ya baba ilisimama. Gurudumu likaendelea kidogo peke yake, likatulia. Alikuwa anaujua mlio ule, nilimsikilizisha mwenyewe siku ile ya kwanza.

"Mama?" alisema. "Ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Nikaenda nikachutama mbele yake nikalia, na sikulia kwa ustaarabu. Aliniwekea mkono kichwani, akakikosa kichwa kwanza, kisha akakipata.

"Tangu lini, baba?"

"Sijui. Kidogo kidogo. Kwanza nilidhani ni sindano, matundu yake wameyafanya madogo. Nikanunua sindano nyingine. Kisha nikadhani ni balbu." Akaigusa sindano kwa ncha ya kidole. "Kisha nikaacha kudhani."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, wewe ungemwambia kaka yako, kaka yako angeleta gari. Sitaki uongo, nilianza kukanyaga kwa ajili ya hilo. Lakini kuna siku goti liliniuma sana, nikasema basi, potelea mbali, na waje wanichukue. Nikalala kitandani. Nikamkumbuka huyu na njaa yake, na wewe unafukuzwa kazi kwa sababu yangu. Nikanyanyuka."

"Baba, hakifi," nilisema. "Kinalala tu. Ungekiacha mwaka mzima, ungekanyaga kidogo kingeamka. Na kazi yangu haina neno, nilikuwa natania."

Alipapasa chini ya meza mpaka akakigusa kijisanduku.

"Ulisema kinakufa."

"Nilisema."

"Basi ujifunze kusema vizuri," alisema baba. "Wewe ndiye uliyesoma, sisi tunashika mnachotuambia." Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu kwangu kama angekasirika.

Ningeweza kumficha kaka. Wazo lilikuja, nalikiri, na lilikaa muda wa kunawa uso. Kisha nikapiga simu, nikaeleza yote, hata ile sehemu ya mimi kuringa. Kaka aliacha ghala saa hiyo hiyo. Alikuja na gari, na baba akapanda bila maneno, kama tulivyoahidiana.

Tulianzia hospitali. Daktari wa macho, mama mmoja mnene mwenye mikono mepesi, alimwangalia baba kwa taa yake ndogo, jicho moja, jicho la pili, akatuambia ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na amekomaa. Anaondolewa kwa upasuaji mdogo, na kwa jinsi sehemu ya nyuma ya macho inavyoonekana, ataona.

"Mjukuu chini ya meza, watoto machoni," alisema baba. "Nyumba imejaa, na hawa wanasema naishi peke yangu."

Daktari alicheka mpaka akaweka taa chini. Mimi na kaka hatukucheka. Tulitoka kwenye korido, na pale kaka akasema alichokuwa amekibeba njia nzima.

"Kitu chako kilisema yuko kazini."

"Kilisema kweli. Mimi ndiye ambaye sikuuliza kazi gani."

"Sasa nikuamini vipi? Atapona macho, sawa, nashukuru. Kesho itakuwa goti, keshokutwa kitu kingine, na wewe utaniletea michoro." Alikuwa ameegemea ukuta, amechoka, na nikaona mvi ambazo sikuzijua. "Nikimtaka kwangu si kwa kumkomoa. Nataka awe na mtu anayemwona. Kumwona kwa macho, si kwa simu."

Alikuwa sahihi, na kumkubalia kaka yangu kwamba yuko sahihi ni jambo linalonichukua muda.

Baba alifanyiwa jicho la kwanza, kisha la pili, akauguzwa kwa kaka, kwenye kile kitanda kilichomsubiri siku nyingi. Kaka na mkewe walimtunza vizuri. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililomshinda kaka. Aliniambia kwamba baba anakunja blanketi lake kila asubuhi, anaketi ukingoni mwa kitanda amevaa viatu, na anasema asante kwa kila kitu kama mgeni. "Mrudishe kwake," alisema hatimaye. "Ila unajua sharti langu." Nilisema nalijua.

Tulimrudisha nyumbani asubuhi yenye jua. Baba alizunguka chumba akitazama vitu, akaona vumbi, akatuuliza kama tulikuwa tunalifuga. Alinitazama na mimi, akaona gauni, akasema mshono wa bega la kushoto umepinda na nimletee siku nyingine aurekebishe. Kaka akashuka kumshukuru kinyozi. Mimi nikalala chali chini ya meza na bisibisi yangu, mara hii mkononi.

"Unamtoa?" aliuliza baba.

"Namtoa. Tumempatia mahali kwenye pampu ya maji. Pampu haina huruma, itamlisha inapofanya kazi na itamnyima isipofanya."

Nilitoka na kijisanduku mkononi, kimejaa nyuzi na vumbi la chaki. Baba alikichukua, akakigeuza, akakiona vizuri kwa mara ya kwanza, nadhani. Alikipangusa kwa kidole gumba akanirudishia.

"Sasa mtajuaje kama niko mzima?"

"Nitakuja," nilisema.

"Ulisema hivyo hata zamani." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ameketi, anachomeka uzi kwenye sindano. "Siku gani?"

Nilikuwa karibu kumwambia nikipata nafasi. Nililisikia neno hilo linakuja, nikalimeza.

"Jumatano na Jumamosi," nilisema. "Asubuhi, kabla ya kazi."

"Jumatano na Jumamosi," alirudia polepole. Akaacha uzi, akachukua chaki, akainama akaziandika siku hizo mbili ukingoni mwa meza, pale anapoandika siku ambazo wateja watakuja kuchukua nguo zao. Nimekulia kwenye meza ile na sikuwahi kuandikwa pale. Aliandika kwa herufi kubwa, akanyanyua uso kunitazama kama nitabadilisha, na alipoona sibadilishi, akapiga mstari chini yake.